Kahawa, Mashati na Kadi za Kutembeleana: Siasa za Wanawake wa Marekani Kabla ya Kura

Mwishoni mwa Julai 1777, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, mfanyabiashara mmoja wa Boston, Thomas Boylston, alikuwa na kahawa ghalani na hataki kuitoa kwa chini ya shilingi 6 kwa ratili. Kilichofuata tunakijua kwa barua ya Abigail Adams kwa mumewe John, aliyekuwa Philadelphia kwenye Kongresi, bunge la makoloni yaliyoasi. Wanawake wapatao 100, wengine walisema zaidi, walikusanyika na mikokoteni yao, wakateremka mpaka ghalani na kudai funguo. Boylston akakataa. Mmoja wao akamkaba shingo akamtupa mkokotenini. Alipoona hana pa kukimbilia, akazitoa. Wakauinamisha mkokoteni akaporomoka chini, wakafungua ghala, wakaitoa kahawa wenyewe, wakapakia, wakaenda zao. Wanaume wengi walisimama kando wakitazama, hakuna aliyefungua kinywa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wakati wa vita, na hapo ndipo maana yake inapopotea. Januari ya mwaka huohuo Massachusetts ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti bei na kuzuia ulanguzi. Sheria ilikuwepo, wa kuisimamia hakuonekana. Kati ya 1776 na 1779 fujo za aina hii zilitokea zaidi ya mara 30, na katika kadhaa kati yake wanawake walikuwa mstari wa mbele. Bidhaa zilikuwa zilezile: sukari, kahawa, chai, unga, chumvi. Utaratibu nao ulikuwa karibu uleule. Kundi huenda mchana kweupe, hudai kuuziwa kwa bei iliyotajwa na sheria au kamati ya mji, likikataliwa hujipimia lenyewe, na mara nyingi huacha fedha ya bei hiyo mezani. Wizi haufanywi hivyo. Ule ulikuwa utekelezaji wa sheria, ukifanywa na watu ambao sheria yenyewe haikuwatambua.

Maana haikuwatambua kweli. Makoloni yalirithi sheria ya Uingereza, na kwa sheria hiyo mwanamke akishaolewa nafsi yake ya kisheria huzama ndani ya ile ya mumewe. Mali aliyokuja nayo ilikuwa chini ya mume, mkataba hakuweza kuuweka kwa jina lake, mahakamani hakusimama peke yake. Mjane na asiyeolewa walikuwa na nafasi kubwa kidogo, ila kura haikuwa yao isipokuwa katika jimbo moja, nitalifikia. Kwa hiyo anayetafuta siasa zao kwenye orodha za wapigakura na kumbukumbu za mabunge atarudi mikono mitupu. Zimo katika daftari za michango, kwenye magazeti, katika barua za kuombea watu kazi, na katika swali linaloonekana dogo kabisa: nani alimtembelea nani kwanza.

Njia hizo zisizo rasmi zilikuwa na hatua zake na ufundi wake. Lakini karibu kila moja ilikuwa na hatua ya mwisho iliyokuwa mkononi mwa mwanamume, na mara nyingi ilikwama hapo.

Chukua ususiaji wa bidhaa za Uingereza. Sheria za Townshend za 1767 zilitoza ushuru kwenye kioo, risasi, rangi, karatasi na chai. Wafanyabiashara wanaume walitia sahihi kwamba hawataagiza. Udhaifu wa mpango huo unaonekana upesi: mwenye duka aliyekwisha jaza ghala hana hasara, anauza polepole kwa bei anayotaka, na wengine walivunja ahadi kimyakimya. Ususiaji ulihitaji mtu wa upande wa pili wa kaunta, na huyo ndiye aliyeamua kinachoingia jikoni. Tarehe 31 Januari 1770 mabibi wa nyumba zaidi ya 300 wa Boston waliweka ahadi ya kuacha chai kabisa, isipokuwa kwa mgonjwa. Kipengele hicho cha mgonjwa kinaonyesha ahadi iliandikwa na watu wenye akili: bila kuacha mlango huo, kila kikombe kilichoonekana kando ya kitanda kingegeuka fitina. Siku chache baadaye wasichana 126 wakaweka ahadi ya kwao. Magazeti yalichapisha. Badala ya chai watu walichemsha majani ya rasiberi au mmea wa porini walioita chai ya Labrador.

Mikutano ya kusokota uzi ilikwenda sambamba. Kati ya 1768 na 1770 New England ilikuwa na zaidi ya mikutano 40, mingi nyumbani kwa mchungaji. Wanawake walifika alfajiri, kila mmoja na gurudumu lake na kitani chake, wakasokota mpaka jioni, wakala chakula cha nyumbani, wakamaliza kwa mahubiri. Uzi ukahesabiwa na hesabu ikapelekwa gazetini. Mwenye macho ya biashara ataona tatizo. Uzi wa siku moja ni kidogo, aghalabu aliachiwa mchungaji kama zawadi, na mfumaji mmoja hula kazi ya wasokotaji kadhaa kabla hajatoa jora la maana. Viwanda vya Uingereza havikutetereka kwa uzi ule. Kilichobadilika ni fasheni: nguo ya kufumwa nyumbani, iliyokuwa alama ya ufukara, ikawa alama ya uzalendo. Mwaka 1768 wahitimu wa Harvard waliamua kupokea shahada zao wakiwa wamevaa nguo za nchini. Heshima ya namna hiyo haiagizwi na bunge.

Edenton, North Carolina, ni mahali ambapo kumbukumbu imepinda kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1774 wanawake 51 walitia sahihi tamko, na leo huitwa karamu ya chai ya Edenton. Tamko lenyewe halitaji chai. Linasema wao, kama watu walio karibu na wale waliopitisha maazimio ya kongresi ya jimbo, hawawezi kunyamaza katika jambo linalogusa amani na ustawi wa nchi yao, na ni wajibu wao kufanya kila wawezalo kuonyesha wanayaunga mkono. Uzito uko katika mambo mawili: waliandika majina yao kamili, na tamko likafika magazeti ya London. Jibu la London lilikuwa kejeli. Mchoro uliotoka huko 1775 unawaonyesha wakiwa na sura za kutisha, mtoto yuko chini ya meza, mbwa yuko karibu naye, na mwanamume anamnong'oneza mmoja wao. Mchora katuni hajisumbui kumdhihaki mtu asiye na athari.

Kazi iliyopangwa vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Philadelphia 1780. Mwezi Mei mji wa Charleston ulikuwa umeanguka mikononi mwa Waingereza. Noti za Kongresi zilikuwa zimeporomoka hadi Kongresi yenyewe, mwezi Machi, ikakubali kuzihesabu 40 kwa dola moja ya fedha. Esther de Berdt Reed, mzaliwa wa London mwenye umri wa miaka 33, mke wa kiongozi wa serikali ya Pennsylvania, alikuwa ametoka kujifungua na kuugua ndui. Tarehe 10 Juni akachapisha tangazo la ukurasa mmoja lililojaa majina ya mashujaa wa kike wa Biblia na historia. Mapambo hayo nayaacha. Kilicho bora ni mpango ulioambatana nalo.

Mpango ulikuwa hivi. Kila kaunti iwe na mweka hazina wa kike. Yeye apokee michango na kuiandika daftarini kwa jina na kiasi, hata kiwe kidogo namna gani. Kisha aipeleke kwa mke wa gavana wa jimbo, na huyo aipeleke kwa Martha Washington, mke wa mkuu wa jeshi. Hakuna hatua hata moja ambapo fedha inapita mikononi mwa ofisa mwanamume kabla ya kufika jeshini. Philadelphia iligawanywa mitaa, na wanawake 39 wakagawana mitaa hiyo na kwenda mlango kwa mlango. Sarah Franklin Bache, binti yake Benjamin Franklin, alikuwa mmoja wao. Mabibi wenye hadhi kugonga milango ya watu wasiowajua na kuomba fedha ilikuwa ajabu kwa wakati ule. Anna Rawle, ambaye familia yake iliegemea upande wa mfalme, alimwandikia mama yake kwamba watu walilazimika kutoa chochote ili tu waondokewe nao. Yeyote aliyewahi kufuatwa na kamati ya harusi anajua njia hiyo inavyofanya kazi.

Na ilifanya kazi. Waliochangia walizidi 1,600. Daftari lina mwanamke mweusi aliyeandikwa kwa jina moja tu, Phillis, shilingi 7 na peni 6; lina pia gini 100, sarafu za dhahabu, ambazo Lafayette, ofisa Mfaransa, alizitoa kwa jina la mkewe. Tarehe 4 Julai Reed alimwandikia George Washington hesabu: dola 200,580 za noti na pauni 625, shilingi 6 na peni 8 za fedha halisi, jumla dola 300,634 za noti. Ukiifuata hesabu hiyo utaona kitu. Pennsylvania ilihesabu dola moja kuwa shilingi 7 na peni 6, kwa hiyo zile pauni ni dola 1,667 na ushei. Ili jumla yake itimie, kila dola ya fedha imehesabiwa noti 60, siyo 40. Reed alitumia bei ya sokoni, akaiacha ya Kongresi. Alijua fedha ile ina thamani gani.

Alichotaka ni kila askari apewe dola mbili za fedha mkononi, zake mwenyewe, azitumie apendavyo. Hoja yake ilikuwa nzuri: zawadi isiwe kitu ambacho jeshi lina wajibu wa kumpa askari hata hivyo. Washington akakataa. Askari waliokuwa wakilipwa karatasi wakionja fedha halisi watanung'unika zaidi, alisema, na wengine watazinywea pombe mpaka waadhibiwe. Akataka mashati. Reed akajibu kwamba mashati mengine yalikuwa tayari njiani. Washington akashikilia neno lake, na Reed akakubali.

Alikufa kwa ugonjwa wa kuhara tarehe 18 Septemba, mashati bado. Sarah Bache akaichukua kazi. Walinunua kitani na, ili fedha isiishie kwa mafundi, wakashona wenyewe. Kufikia mwisho wa Desemba mashati zaidi ya 2,000 yalikuwa tayari, kila moja limetiwa jina la mwanamke aliyelishona. Jina lile kwenye shati ndilo lililobaki la wazo la kwanza, kwamba zawadi itoke kwa mtu ifike kwa mtu. Mtandao wenyewe ulikuwa umevuka mipaka: New Jersey walichangisha na kupeleka soksi, Maryland walichangisha, na huko Virginia, Martha Jefferson aliandika barua za kuhimiza. Kwa majuma machache kulikuwa na chombo cha kifedha cha wanawake katika majimbo kadhaa, chenye daftari na ngazi za uwajibikaji, wakati hazina ya Kongresi iko hoi. Kukusanya waliweza. Kuamua fedha itumikeje hawakuachiwa.

Kalamu ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Mercy Otis Warren wa Massachusetts aliandika tamthilia za kuwakejeli maofisa wa mfalme, kuanzia 1772, bila jina lake. Mwaka 1788 akatoa kijitabu cha kuipinga katiba mpya kwa sababu haikuwa na orodha ya haki za raia. Alijiita tu mzalendo wa Columbia. Kutotaja jina kulimpa usikivu ambao bibi wa nyumba asingeupata, kisha kukamdai gharama: kwa zaidi ya miaka 100 kijitabu kile kilihesabiwa kuwa cha mwanasiasa Elbridge Gerry. Alipoandika kwa jina lake, historia ya mapinduzi katika juzuu 3 mwaka 1805, John Adams, rafiki wa zamani, alichukia alivyoelezwa humo na mwaka 1807 akamtumia mfululizo wa barua za hasira. Baadaye akamwandikia Gerry kwamba historia si uwanja wa mabibi.

Kuhusu Abigail Adams nitasema kidogo, maana ile barua yake ya Machi 1776 ya kuwataka watunga sheria wawakumbuke wanawake imenukuliwa mpaka imechakaa. John alijibu kwamba hawezi kujizuia kucheka. Jambo ambalo halitajwi sana ni kilichofuata: Aprili 27 Abigail alimwandikia Mercy Warren akipendekeza wawasilishe ombi Kongresi pamoja. Ombi halikuandikwa. Barua ya mke kwa mume, hata iwe kali, inaishia chumbani mwao. Ombi lenye sahihi lazima lipokewe, lisomwe, au likataliwe mbele ya watu. Wanawake wa nchi ile walihitaji miaka zaidi ya 50 kuikamata tofauti hiyo kwa wingi.

Jimbo lile nililosema ni New Jersey. Katiba yake ya 1776 iliruhusu kupiga kura wakazi wote wa umri kamili wenye mali ya pauni 50 waliokaa kaunti hiyo miezi 12. Haikusema wanaume. Wajane na wasioolewa wenye mali wakapiga kura, na sheria za 1790 na 1797 zikawataja waziwazi. Walioolewa walikwama kwenye pauni 50, kwa kuwa mali ilikuwa ya mume. Mwaka 1797 John Condict alikaribia kushindwa uchaguzi kwa sababu wanawake wa Elizabethtown walimpigia mpinzani wake. Mwaka 1807, baada ya kura iliyojaa udanganyifu kuhusu mahali pa kujenga mahakama ya kaunti ya Essex, huyohuyo Condict alipeleka muswada uliobakiza kura kwa wanaume weupe huru walipakodi. Ukapita. Udanganyifu ulikuwa wa wote, adhabu ikawa ya wanawake, ya watu weusi na ya wahamiaji wasio raia.

Mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa Wacherokee, taifa la wenyeji asilia wa kusini-mashariki, na sielewi kwa nini visa hivi viwili havisimuliwi pamoja. Kwao mwanamke alikuwa na nafasi barazani. Nanyehi, aliyeitwa na wazungu Nancy Ward, alikuwa na cheo cha Mwanamke Mpendwa, sauti katika vikao na mamlaka ya kuokoa mateka. Mwaka 1776 alimwokoa Lydia Bean asichomwe moto. Mwaka 1781, kwenye mazungumzo ya amani kando ya mto Holston, alisimama akazungumza na wajumbe wa Marekani kama mama wa pande zote mbili. Mei 1817, mzee na mgonjwa, aliongoza wanawake 13 kutia sahihi ombi kwa wakuu wao wasiuze ardhi zaidi. Mwaka 1827 Wacherokee, wakijitahidi kuonekana taifa lililostaarabika machoni pa Marekani, waliandika katiba kwa mfano wa Marekani. Kura ikawa ya wanaume. Kaskazini, kwa Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji asilia wakiwemo Wamohawk, mama wa ukoo ndiye aliyeteua chifu na aliyeweza kumvua, na ghala la mahindi lilikuwa lake. Msafara wa vita usio na mahindi haufiki mbali. Molly Brant, Mmohawk, ndiye aliyewapelekea Waingereza habari kwamba wanamgambo wa Marekani wanakuja kabla ya mapigano ya Oriskany, Agosti 1777, na Waingereza walimlipa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka.

Kisha ukaja mji wa Washington, na siasa zikaingia sebuleni.

Mji ulikuwa matope na majengo machache yaliyotawanyika. Wabunge walikuja wakati wa baridi bila familia, wakapanga katika nyumba za wageni, mara nyingi kwa vyama na majimbo yao, wakala na kulala na watu wa mawazo yaleyale. Rais Jefferson alifuta hafla za wazi na kupendelea chakula cha wanaume wachache. Dolley Madison, mke wa rais aliyefuata, kuanzia 1809, alifungua nyumba ya rais kila Jumatano jioni. Ukishajulishwa kwake hukuhitaji mwaliko mwingine. Waliofika walikuwa mamia, wakibanana mpaka hafla zile zikapewa jina la utani la msongamano. Faida yake ilikuwa ya kimtambo: hakukuwa na mahali pengine ambapo Mfederali na Mrepublican, watu wa vyama viwili vilivyopingana, wangesimama na glasi mkononi na kuongea bila kumbukumbu kuandikwa. Wafederali walijaribu kususia, wakagundua wanakosa habari, wakarudi. Alikuwa na mtandao wa ukoo pia: dada yake Anna aliolewa na mbunge Richard Cutts wa Massachusetts, na mwingine, Lucy, akaolewa na Thomas Todd, jaji wa mahakama kuu, mwaka 1812, ndani ya nyumba ya rais.

Sahani na glasi zile hazikujibeba. Nyumba iliendeshwa na watumwa, akiwemo Paul Jennings, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake. Yeye ndiye aliyesema wazi kwamba picha ya George Washington iliyookolewa Waingereza walipouchoma mji Agosti 1814 iliteremshwa ukutani na mtumishi Mfaransa Sioussat na mtunza bustani, si na bibi mwenyewe. Bibi aliamuru, wao wakapanda ngazi.

Uti wa mgongo wa mji ule ulikuwa kutembeleana. Mke wa mbunge au waziri alizunguka kwa gari la farasi asubuhi hadi alasiri, akakaa dakika chache kila nyumba au akaacha kadi asipomkuta mwenyeji. Aliyetembelewa alipaswa kurudisha. Asiporudisha, uhusiano umekatika, na waume wao wakikutana kesho yake kwenye kamati wote wawili wanajua. Ugumu ulikuwa kwenye ziara ya kwanza: anayeanza anakiri kwamba mwenzake ni mkubwa wake, au anamhitaji. Elizabeth Monroe, mumewe aliposhika urais 1817, alikataa kuanza na kukataa kurudisha. Mji ukanuna. Wake wa maseneta nao walidai wake wa mawaziri waanze kwao. Desemba 1819 John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje, aliandika barua rasmi kwa rais kujieleza kuhusu ziara. Wanahistoria wa zamani waliona upuuzi. Mimi naona watu waliojua kwamba kura za Kongresi zinapitia hapo.

Mkewe, Louisa Catherine, ndiye aliyeilipa bei. Aliandika kwamba mumewe humpangia kadi za asubuhi kwa makini kama mtu anayeandika kifungu kizito cha mkataba wa biashara, kisha yeye ndiye wa kuzunguka. Tarehe 8 Januari 1824, kumbukumbu ya ushindi wa New Orleans, walimfanyia jenerali aliyeuongoza, Andrew Jackson, dansi nyumbani kwao, mtaa wa F. Mialiko ilikuwa 500. Waliofika walikaribia 1,000. Milango ilikuwa imeng'olewa kwenye bawaba, nguzo zimewekwa chini ya dari lisiporomoke, sakafu imechorwa kwa chaki tai na bendera, ambazo miguu ya wachezaji ilizifuta usiku huohuo. Taa moja ikammwagia Louisa mafuta kichwani, wageni wakatania kwamba ametawazwa. Adams alitarajia Jackson awe mgombea mwenza wake katika uchaguzi wa urais wa mwaka huo. Jackson akaendelea kugombea urais, akaongoza kwa kura lakini bila wingi wa kutosha, na Februari 1825 Baraza la Wawakilishi likamchagua Adams. Ile orodha ya kadi ilikuwa ya wake wa watu haohao waliopiga kura.

Silaha ileile ingeweza kubomoa. Jackson alipopata urais 1829 alimweka John Eaton kuwa waziri wa vita. Mkewe Margaret alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, mjane wa mwaka uliopita, na mji ulimsengenya. Eaton na mkewe walimtembelea Floride Calhoun, mke wa makamu wa rais. Aliwapokea vizuri. Hakurudisha ziara. Wake wa mawaziri wengine wakafuata, na hata Emily Donelson, aliyekuwa mwenyeji wa nyumba ya rais, akamtenga. Jackson, ambaye mkewe Rachel alikufa Desemba 1828 baada ya kuchafuliwa jina kwenye kampeni, alilichukua kama vita vyake. Septemba 1829 aliita baraza la mawaziri kujadili heshima ya bibi mmoja. Hakuna kilichobadilika: rais anaweza kumfukuza waziri, hawezi kumlazimisha mke wa waziri kupanda gari akaache kadi. Martin Van Buren, waziri wa mambo ya nje, mjane asiye na mke wa kumzuia, aliwatembelea Eaton na kuwaandalia chakula. Aprili 1831 baraza lilivunjika, akabaki mkuu wa posta peke yake. Makamu Calhoun na Jackson walikuwa na magomvi mengine pia, ya ushuru na ya vita vya Florida vya 1818, lakini Van Buren ndiye aliyepata umakamu na kisha urais.

Ona pia nani aliyesagwa. Mtambo wa ziara uliojengwa na wanawake ulimponda mwanamke wa tabaka la chini, na mwanamume ndiye aliyevuna.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa inafunguliwa. Jackson alitaka kuwahamisha Wacherokee na majirani zao ng'ambo ya Mississippi. Desemba 1829 Catharine Beecher alitoa waraka, bila jina, akiwaomba wanawake wapeleke maombi Kongresi. Waliofanya kazi na maombi walijua mitego yake: maneno yawe ya unyenyekevu, sahihi za wanawake zitengwe na za wanaume, apatikane mbunge wa kuliwasilisha, na lifike kabla ya kura. Wanawake karibu 1,500 walitia sahihi. Seneta Thomas Hart Benton aliwafanyia mzaha Senetini. Muswada wa kuwahamisha ulipita Mei 1830. Kwenye Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 102 kwa 97.

Waliojifunza kukusanya sahihi kwa ajili ya Wacherokee waliendelea kuzikusanya dhidi ya utumwa, na sasa zilihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1836 Baraza likaweka kanuni ya kuyaweka pembeni maombi yote ya utumwa bila kusomwa. Mwaka 1838, mbunge Howard wa Maryland aliposema ni aibu wanawake kuacha nyumba zao na kuingilia siasa kwa maombi, aliyesimama kumjibu alikuwa John Quincy Adams, sasa mbunge wa kawaida. Alizungumza saa ya asubuhi, siku baada ya siku, kuanzia 16 Juni hadi 7 Julai. Alitaja Esta, Debora, na wanawake wa mapinduzi. Kwa wale waliodai kwamba asiye na kura hana haki ya kuomba, aliuliza kama ni wazi kiasi hicho kwamba haki ya kura hawana. Kanuni ile ilifutwa tarehe 3 Desemba 1844, kwa hoja yake.